Barabara ya Mizingani Isiuzwe Gizani

(Maneno niliyoyasema kwenye barza ya vijana wa chama, Mji Mkongwe)

 

Leo nina barabara moja tu. Ukitoka Forodhani kwenda Malindi, kulia unaiacha Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, halafu kasri ya Beit al-Sahel. Unafika Mti Mkubwa uliopandwa 1911, kisha Zahanati Kongwe na roshani zake za mbao. Kushoto ni bahari. Hiyo ndiyo Mizingani. Mtoto wa Ng'ambo asiye na senti mfukoni anaiona bahari sawasawa na mtalii aliyetoka Ulaya. Hakuna mlinzi wa kumuuliza anakwenda wapi.

Sasa jamani, mpango wa kuhamishia bandari ya mizigo Mangapwani tunaujua sote. Makontena yakipungua Malindi, pale patakuwa na ardhi mbele ya maji, katikati ya mji. Mnadhani nani ataitolea macho? Si muuza urojo.

Wapo wanaotwambia: "Nyie wapinzani hampendi maendeleo, hoteli zinaleta ajira." Ajira tunazitaka, tena sana, maana wengi wetu hapa hatuna. Lakini mgeni haji Unguja kutazama ghorofa la vioo, kwao yamejaa. Anakuja kwa sababu ya mji huu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukiuziba, hata hiyo ajira unaizika.

Na hatusemi kwa kubahatisha. Mambo Msiige tumeiona. Jumba la kale likawa hoteli, na uwanja wa wazi wa pembeni yake, pale ufukweni, ukajengwa. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika, lakini jengo lilishasimama. Malalamiko hayabomoi zege.

Tena tukumbushane: ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo analipa nani? Mimi na wewe. Basi haiwezekani umma ulipie ukuta, halafu mandhari apewe mtu binafsi.

Kuhifadhi nako si kupaka chokaa tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafariki. Kwa hiyo anayesema "tuache kama palivyo" naye hajatusaidia. Majengo yale yanataka fedha na mafundi, na vijana wetu wafunzwe ufundi wa chokaa na boriti. Hizo nazo ni ajira.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, ramani na mkataba wowote wa ufukwe huu ubandikwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa saini. Pili, njia ya miguu kando ya bahari ibaki wazi kwa kila mtu, na jengo jipya lisiyapite majirani zake kwa urefu. Tatu, wavuvi, wenye mashua na wauza vyakula wakae kwenye meza ya mazungumzo, wasije kuitwa siku ya kuhamishwa.

Kuanzia kesho tunapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini. Mlango wa mwana-CCM pia tubishe hodi, bahari haina kadi ya chama. Tusingoje mabati ya ujenzi yazungushwe ndipo tuanze kupiga kelele.