Mbuzi ya Nazi na Kumbukumbu za Utotoni



Nimeomba kuzungumzia mbuzi ya nazi. Ni nadra kifaa cha jikoni kupewa nafasi katika ukumbi wa chuo kama huu, na naona huo ni upungufu wetu sisi tunaosoma historia ya pwani. Tumeandika mengi kuhusu milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, kuhusu majahazi, kuhusu sahani za China zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale. Hivyo vilikuwa vitu vya kuonwa na mgeni. Mbuzi ilikaa uani, na wanaoikumbuka ni waliolelewa uani.

Mpe mtu mzima aliyekulia pwani mbuzi kuukuu: ubao wa kukalia uliolainika kwa miaka, miguu inayokunjika, ulimi wa chuma wenye meno. Kabla hajasema neno, mwili umekwisha jibu. Kiganja kinajikunja kushika kifuu kisichokuwepo. Kisha yanafuata mengine: mkwaruzo uliotangaza kwamba leo kuna wali wa nazi, sinia chini ya meno, mkono wa mtoto unaodokoa na kupigwa kofi jepesi, kifumbu kinachokamuliwa mpaka tone la mwisho, machicha wanayogombania kuku.

Harufu ina sehemu yake katika haya. Tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Harufu hufika kwenye amigdala, penye hisia, bila kulazimika kupitia huko, na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu, iko jirani. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, Johan Willander na Maria Larsson, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wazee. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye umri wa miaka 11 hadi 20. Harufu iliwarudisha nyuma zaidi, kabla ya miaka 10. Nikisoma matokeo hayo nawaza tui likianza kuchemka.

Lakini tusiishie kwenye utamu. Mwulize kaka kuhusu mbuzi ya nyumbani kwao, atakusimulia wali na samaki wa kupaka. Mwulize dada yake, aliyekulia jiko lile lile, naye ataanza na mgongo, vidole vilivyochubuka, na daftari lililoachwa wazi kwa sababu wageni wamefika na nazi hazijakunwa. Wote wawili wanasema kweli. Kumbukumbu zao zinaachana pale pale kazi ilipogawanywa, na kwa hiyo sikubaliani na wanaoviona vyombo vya zamani kuwa ni vya kujiliwaza tu. Mbuzi ni ushahidi wa nani alikaa chini na nani aliitwa mezani. Ushahidi huo haumo katika hati za masultani wala za wakoloni.

Leo masokoni mashine hukuna nazi kwa dakika chache, na tui la pakiti linauzwa madukani. Sina kinyongo na hayo. Yamewapumzisha wasichana wengi. Kinachonisumbua ni namna tunavyohifadhi kilichobaki. Kibandiko cha makumbusho hutaja aina ya mti, urefu, na mahali kifaa kilipopatikana. Hakitaji sauti yake wala aliyeikalia, na kioo kinazuia mkono usiguse. Waliokuna nazi kila siku ya ujana wao sasa ni bibi zetu, na hawatatungoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wa idara hii. Mwanamke akileta mbuzi ya mama yake, msikimbilie futi ya kupimia. Tafuteni nazi, washeni kinasa sauti, mwombeni aikalie na akune. Mwiteni na ndugu yake wa kiume asikilize, kisha waacheni wabishane. Vipimo mtaandika baadaye.