Mpaka Uonekane kwa Macho



Nimeombwa nifungue mafunzo haya ya mipaka ya barabara na miji. Kazi ya upimaji ndiyo iliyonilea, kwa hiyo nitasema la moyoni.

Huku Tanzania Bara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara mafungu mawili. Za kitaifa, yaani barabara kuu na za mkoa, ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo ya ofisini, ya nani alete greda. Sivyo. Fungu la barabara ndilo linaloamua upana wa hifadhi yake, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, na hifadhi hiyo inaweza kupita katikati ya jiko la mtu.

Tuseme mama amejenga mita 25 kutoka katikati ya barabara kuu. Zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, naye alikuwa salama. Sheria ile na kanuni zake zikaifikisha mita 30. Nyumba haikusogea hata shubiri, lakini leo imo ndani ya hifadhi. Ndiyo maana zipo X za rangi mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba. Nyekundu ni ya aliyeifuata barabara. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, na huyo ana haki ya kulipwa fidia. Wenyeviti wa vijiji na mitaa, tofauti hiyo ishikeni sana, maana mwananchi akiamka akakuta X ukutani, mlango wa kwanza atakaobisha hodi ni wenu.

Na mji je? Kijiji kikimezwa na mpaka wa mji, kinaweza kugeuzwa mtaa. Watu hushangilia, wakitarajia lami na taa. Lakini mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndio unaoidhinisha ugawaji wa ardhi, unakuwa haupo tena. Shamba linaingia kwenye michoro ya mipango miji, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa hata kiwanja kimoja.

Siku moja tulikuwa tukipima viwanja kwenye shamba la mihogo. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilihamia mjini lini?" Tangazo lilikuwa limetoka kwenye Gazeti la Serikali. Yeye hakuwahi kuambiwa. Sikuwa na jibu, na swali lile ninalo hadi leo.

Wapima wa halmashauri, baada ya chai naomba mtoke na wenyeviti hawa. Wapelekeni kwenye kila bikoni ya mpaka, waiguse kwa mikono yao. Iliyofukiwa, ifukuliwe leo.

Kwa hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.