Afisa Anapochunguzwa, Mlalamishi Alindwe

Hotuba iliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wetu wa mwaka



Tumeombwa tuzungumzie swali linaloletwa mara kwa mara mbele ya kamati zetu za haki na amani hapa Kenya: raia anapolalamika kwamba polisi amempiga, amemtesa au ameua, ni nani humwangalia afisa huyo wakati uchunguzi ukiendelea?

Mara nyingi tunauliza kesi iliishaje. Leo tunaomba tuangalie ile miezi na miaka iliyo kati ya malalamiko na hukumu. Hapo ndipo mashahidi hutishwa, ushahidi hupotea, na familia maskini huchoka na kuacha.

Tulikotoka

Tunakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Siku hizo, aliyekuwa na malalamiko dhidi ya polisi aliyapeleka kwa polisi. Ilikuwa kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Ndipo ikaja jopo la Jaji Ransley mwaka 2009, Katiba mpya mwaka 2010, na sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, iliyoanza kazi mwaka 2012.

Kazi ya IPOA ni kuchunguza kila kifo na kila jeraha baya linalodhaniwa kusababishwa na polisi, kukagua vituo na seli, na kufuatilia uchunguzi unaofanywa na Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe. Mwananchi yeyote anaweza kuwasilisha malalamiko kwake, bila kupitia kituo cha polisi kwanza. Matunda yameonekana. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, alipigwa risasi nyumbani kwao Kwale, na mwaka 2016 maafisa wawili walifungwa miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia.

Pengo lililobaki

Hata hivyo, IPOA haina uwezo wa kumsimamisha afisa kazi. Inapendekeza tu. Uamuzi huo uko mikononi mwa wakubwa wake na Tume ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa. Kumfungulia mashtaka nako ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Faili hupita mikono mingi, na wakati inapita, afisa aweza kuwa bado kituoni, na bunduki yake, katika mtaa ule ule anamoishi aliyemlalamikia.

Kwamba hatari hiyo ni ya kweli, tulijifunza kwa uchungu. Josephat Mwenda, mhudumu wa bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015. Akalalamika kwa IPOA. Afisa aliyelalamikiwa akabaki kazini, na Mwenda akajikuta yeye ndiye mshtakiwa mahakamani. Tarehe 23 Juni 2016, akitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, watatu hao walitekwa na kufungiwa katika kituo cha polisi wa utawala. Kutoka humo walirusha kipande cha karatasi ya chooni chenye ujumbe wa kuomba msaada. Mtu aliyekiokota alipiga simu. Lakini siku chache baadaye miili yao ilipatikana mtoni.

Mwezi Julai 2022 maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao walipatikana na hatia ya mauaji. Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo na wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30. Haki ilipatikana baada ya miaka sita. Lakini Mwenda alikuwa amefuata sheria hatua kwa hatua, na hakupata mtu wa kumwondoa afisa yule karibu naye.

Mfano wa karibuni ni wa Juni 2025. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, kukabwa shingo na kupigwa mwilini. Kisha IPOA ikasema kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Tujiulize: nani angeweza kuzigusa kamera hizo? Ndiyo maana anayechunguzwa hafai kubaki karibu na ushahidi.

Haki ya afisa pia

Tusisahau kwamba polisi ni waumini wenzetu, na watoto wao husoma na watoto wetu. Wapo wanaosingiziwa. Afisa anayechunguzwa hajapatikana na hatia, na kumweka kando kwa muda si kumhukumu. Ni kumkinga pia, asije akadaiwa kwamba alitisha mashahidi au aliharibu ushahidi. Anachostahili ni uchunguzi wa haraka na wa wazi, utakaomsafisha kama hana kosa.

Tunayoweza kufanya

Kwa kamati za parokia, tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, andikeni mapema: tarehe, saa, mahali, nambari ya gari na ya afisa ikionekana, na nambari ya OB. Mwathiriwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na fomu ya P3 ijazwe. Wekeni nakala ofisini kwa padre au mchungaji.

Pili, mlalamishi asiende peke yake. Wanakamati wawili waandamane naye, IPOA na mahakamani.

Tatu, malalamiko yakishapokelewa, andikeni barua ya kuuliza: je, afisa huyu amehamishwa au amesimamishwa kazi kwa muda? Bunduki yake imechukuliwa? Ombeni jibu la maandishi, na msipopata, andikeni tena.

Nne, mkiona vitisho, msingoje. Ipo Idara ya Kulinda Mashahidi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Ombi lipelekwe mapema, kabla shahidi hajakimbia kijiji.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima: misaada mingi hutolewa kwa mwaka mmoja, na kesi ya Mwenda na wenzake ilichukua miaka sita. Shahidi anahitaji nauli kila kesi inapoahirishwa. Mjane anahitaji karo. Anayehamishwa anahitaji kodi ya nyumba. Haya hayapigiwi picha nzuri kama kisima au darasa, lakini bila hayo faili hufungwa kwa kukosa mashahidi, na mkosaji hurudi kazini akijua hakuna atakayemgusa.

Wakumbukeni wale watatu na kile kipande cha karatasi. Aliyekiokota angeweza kukipita, kama tunavyopita takataka nyingine njiani. Aliinama, akasoma, akapiga simu. Kazi tunayowaomba inafanana na hiyo, ila tunaomba tuianze mapema zaidi, siku ile malalamiko yanapoandikwa, mlalamishi angali hai.