Jirani Tusiyemfahamu: Safari ya Burundi



Tumerudi Arusha kutoka Burundi, nchi ambayo wengi wetu hapa chini ya Mlima Meru tunaijua kwa habari za wakimbizi tu. Tulipita Singida, Nzega na Kahama, tukavuka mpaka Kabanga wilayani Ngara, tukafika Gitega. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na kila familia imejenga shambani mwake.

Tulipotaja tulikotoka, hakuna aliyetuuliza habari za mlima wala mbuga. Kwao Arusha ni jina la mapatano ya amani. Mazungumzo yale aliyaongoza Mwalimu Nyerere hadi alipofariki mwaka 1999, kisha Mzee Mandela, na saini zikawekwa katika mji wetu tarehe 28 Agosti 2000. Vita havikukoma siku ile. Mwaka 2015 machafuko yalizuka tena, na watu kwa maelfu wakakimbilia Kigoma.

Anayerudi nyumbani mara nyingi hukuta shamba lake linalimwa na mwingine. Hapo ndipo amani yenye jina la mji wetu inapopimwa. Blanketi lilimfaa kambini. Sasa anahitaji mbegu, jembe na wazee wa kumpatanisha na jirani yake. Tunaomba kila kamati, ipangapo michango ya mwaka, imkumbuke huyu anayerudi.