Fao la Kukosa Ajira na Akiba ya Mwananchi

(Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Katandala, Manispaa ya Sumbawanga)



Tangu mwaka 2018 sheria za hifadhi ya jamii nchini zimeweka fao la kukosa ajira. Wengi wamelisikia, wachache wanaijua mipaka yake. Mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, kisha ajira yake ikakoma pasipo yeye kuacha kazi kwa hiari, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Aliyekuwa akipokea shilingi 300,000 atapata 99,900 kwa mwezi. Jumla yake ni 599,400, na hapo fao hukoma.

Fedha hizo si za kubeza. Lakini kazi ikikatika Januari, mahindi yangali shambani, ghala limepungua na watoto wanadai sare na madaftari, theluthi moja ya mshahara haitoshi kuitunza nyumba. Tena fao hutegemea michango iliyofika kwenye Mfuko, si iliyokatwa kwenye mshahara tu. Mfanyakazi asiyekagua taarifa ya michango yake huenda akagundua pengo siku ile ile anapokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Vipi kuhusu fundi mwashi, mama lishe na dereva wa bodaboda? Hao hawana mwajiri wa kuwachangia. Anguko lao hukingwa kwanza na akiba yao wenyewe.

Ufipa haikuanza jana kuweka akiba. Gunia la mahindi na ng'ombe zizini vilikuwa akiba kabla benki haijafika. Hata leo, anayeuza mavuno yote mwezi wa Julai, bei ikiwa chini, mara nyingi huyanunua tena Februari kwa bei ya juu. Hata hivyo gunia lina adui zake: fukusi hawamngoji mwenye nyumba apate shida.

Vikundi vya hisa vimejibu sehemu ya tatizo hilo. Kasasi lake lina kufuli tatu na washika funguo watatu, kwa hiyo mkono mmoja haulifungui. Udhaifu uko kwenye mgawo. Kikundi kinachogawana fedha zote Desemba huwaacha wanachama wake mikono mitupu katika miezi ile ile iliyo migumu zaidi. Vikundi vyenye busara hubakiza mfuko wa jamii, au husogeza mgawo hadi kabla ya shule kufunguliwa na mbolea ya kukuzia kununuliwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo ni watoa huduma wa daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Viongozi wa kikundi ambacho hakijasajiliwa waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, wakiwa na katiba yao, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama.