Mwanafunzi Kati ya Sahani na Sauti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini wa Migori na Homa Bay)



Sisi tulioombwa kusema nanyi leo ni kundi dogo la wanafunzi na watu waliokuwa wanafunzi. Tumeombwa tueleze maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu katika muhula wa wasiwasi, nasi tumekubali kwa sababu moja. Mwananchi wa kawaida humfahamu mwanafunzi siku ya mawe na moshi tu. Siku hiyo hupigwa picha, hulaaniwa au husifiwa, kisha husahauliwa. Lakini muhula una wiki nyingi, na siku za moshi ni chache. Tunataka kusema juu ya zile siku nyingine, ambazo hakuna gazeti linaloziandika, maana huko ndiko wasiwasi unakoanzia.

Mwanafunzi wa sehemu zetu mara nyingi halali ndani ya chuo. Hukodi chumba kimoja kando ya barabara, akakigawana na mwenzake mmoja au wawili ili kodi iwe nyepesi. Ndani mna kitanda, godoro la pili ambalo mchana husimamishwa ukutani, mtungi mdogo wa gesi, ndoo ya maji, na lile sanduku la bati lililotoka naye kidato cha kwanza. Omena hununuliwa kwa kipimo, unga kwa gorogoro, na sukuma wiki kwa mama mboga ambaye ana daftari la madeni na moyo wa huruma. Asubuhi ni chai ya rangi. Mchana wengi hupita hivi hivi, wakijifanya wana kazi maktabani. Jioni ndipo sufuria moja huwekwa katikati, nao hula kwa pamoja, kila mmoja akichunga asichukue zaidi ya haki yake.

Nyuma ya sufuria hiyo kuna jamii nzima. Yuko mama anayeanika samaki ufuoni, ambaye hutuma shilingi mia mbili kwa M-Pesa na kuomba radhi kwamba ni kidogo. Yuko baba anayengoja malipo ya miwa, au aliyeuza tumbaku na kuona fedha zote zikiishia kwenye deni la mbolea. Yuko ndugu anayechimba dhahabu kule Nyatike, katika mashimo yanayoweza kumfukia. Na likizo ikifika, mwanafunzi mwenyewe huteremka katika mashimo hayo hayo ili apate karo ya muhula unaofuata. Mtu wa namna hii anapochelewa kulipa, akanyimwa kadi ya mtihani, si yeye peke yake anayerudishwa mlangoni. Ukoo mzima unarudishwa.

Sasa tukumbuke muhula ule wa mwanzoni mwa mwaka 2025. Tulirudi vyuoni Januari tukiwa na hofu mbili vifuani. Ya kwanza ilikuwa ya fedha. Mfumo mpya wa kugharamia masomo, uliotangazwa Mei 2023, ulikuwa umewagawa wanafunzi katika makundi kulingana na hali ya jamaa zao, na wengi hawakuelewa kwa nini mtoto wa mjane huyu amewekwa kundi la wenye nafuu, na jirani yake kundi la wahitaji. Tarehe 20 Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Wakubwa walipokuwa wakibishana mahakamani, mwanafunzi alibaki hajui anadaiwa kiasi gani, wala nani.

Hofu ya pili ilikuwa ya kutoweka. Mwishoni mwa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema kwamba watu 82 walikuwa wametekwa nyara tangu Juni mwaka huo, wakati vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Tuliiona hofu hiyo ikiingia vyumbani mwetu bila kubisha hodi. Vijana walifuta picha katika simu zao. Waliokuwa wakijadiliana usiku kucha juu ya nchi yao walianza kuzungumza mpira. Gari lisilo na nambari likisimama kando ya njia, mazungumzo yalikatika. Mzazi alipopiga simu, swali lake la kwanza halikuwa juu ya masomo, aliuliza, "Uko wapi sasa hivi, na uko na nani?"

Muhula ulipokaribia mwisho, jioni ya tarehe 30 Aprili 2025, Mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Juni, mwalimu kijana aitwaye Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti hii ya Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti, akiwa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 31. Kwetu sisi hakuwa jina la gazetini tu. Alikuwa mfano wa kile ambacho kila mwanafunzi hapa anatumaini kuwa: mtoto wa kijijini aliyesoma hadi chuo kikuu akawa mwalimu.

Ndugu wapendwa, wazee mlioko hapa mtasema kwamba haya si mapya, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Tarehe 10 Februari 1985, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikusanyika uwanjani kufanya maombi baada ya viongozi wao kufukuzwa chuoni. Polisi wakawavamia katika maombi hayo. Mwanafunzi mmoja aliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Kabla ya hapo Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alikuwa amefungwa mwaka 1982 kifungo cha miaka kumi, naye akafia gerezani mwaka 1988. Na Februari 1990, mwili wa Dakta Robert Ouko ulipopatikana karibu na Koru, wanafunzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoka barabarani kudai ukweli. Watu wengine walipokuwa wakinong'ona, wao walisema kwa sauti.

Hata hivyo kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo sisi wapenda mageuzi hatulikumbuki sana, na ndilo hasa lililotuleta mbele yenu. Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kiliondolewa, vyama vingi vikaruhusiwa, nasi tukashangilia. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katika mwaka huo huo wa masomo, mpango wa kugawana gharama ulianza kutekelezwa katika vyuo vikuu, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni. Posho ile ambayo wanafunzi waliiita "boom" ikaondoka. Chakula kilichokuwa kikitolewa kwa wote kikageuka kuwa cha kununuliwa, sahani kwa sahani. Wanafunzi waligoma, vyuo vikafungwa, na taifa, likiwa limezama katika habari za vyama, halikusikiliza sana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya alipata kura na kupoteza sahani katika majira yale yale.

Yafikirini matokeo yake. Miezi michache tu baadaye, uchaguzi wa 1992 ulipokaribia, vijana wa YK'92 walizunguka nchi nzima wakigawa fedha. Walijua walichokuwa wakifanya. Kijana aliyenyang'anywa chakula chake cha haki ndiye rahisi kununuliwa kwa chakula cha hisani. Na Juni 2025, watu waliokodiwa walipowavamia waandamanaji jijini Nairobi wakiwa na rungu na mijeledi, tuliwatazama tukaona kwamba wengi wao walikuwa vijana wa rika letu. Hatuwatetei. Lakini tunauliza ni nani aliyewaacha na njaa kwa muda mrefu kiasi cha kuweza kukodiwa kwa ujira wa siku moja dhidi ya wenzao.

Ndiyo maana tunasema kwamba sahani na sauti haviwezi kutenganishwa. Mwanafunzi anayedaiwa kodi huogopa kusema, kwa sababu akifukuzwa chumbani hana pa kwenda. Anayengoja basari kutoka ofisi ya mwanasiasa huogopa kumkosoa mwanasiasa huyo. Hata viongozi wake mwenyewe wamewekwa mbali naye. Mwaka 2016, marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi, yakaleta wajumbe wa kuwachagua kwa niaba ya wengine. Ninyi mliopinga kura ya mlolongo ya mwaka 1988 mnafahamu vyema kwamba wajumbe wachache hutishwa na kununuliwa kwa urahisi kuliko umati.

Basi tufanye nini? Hatukuja kulia tu. Tunayo maombi manne.

Kwanza, kila kanisa liwajue wanafunzi wanaokaa karibu nalo, kwa majina na kwa vyumba. Kwaya zenu zimejaa sauti zao kila Jumapili, lakini ni wangapi kati yenu wanaojua kama mwimbaji huyo amekula tangu Ijumaa? Mlo mmoja baada ya ibada hauhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Unahitaji sufuria kubwa na akina mama wawili wenye nia.

Pili, wanaharakati wawafundishe wanafunzi Katiba ya 2010 kabla ya siku ya hatari. Kila mmoja ajue kwamba kifungu cha 37 kinampa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na kwamba kifungu cha 49 kinamtaka polisi amweleze sababu ya kumkamata, amruhusu kuzungumza na wakili, na amfikishe mahakamani katika muda wa saa 24. Nambari ya simu ya wakili anayekubali kuamka usiku iandikwe ukutani katika kila chumba, pale pale penye ratiba ya masomo.

Tatu, wanasiasa walio upande wa mageuzi wasituite "vijana wetu" siku ya mkutano wa hadhara na kutusahau siku ya kadi ya mtihani. Msitukodi. Mkitukodi ninyi leo, mtakuwa mmewafundisha wengine bei yetu. Basari zitolewe hadharani, kwa orodha inayosomwa mbele ya watu, na mpewaji asidaiwe shukrani ya kisiasa.

Nne, wazazi wetu, msituombe tunyamaze. Tunaielewa hofu yenu. Tumeyaona macho ya mama zetu tunapoondoka nyumbani. Lakini ukimya haukuwalinda waliotekwa, na haukumlinda hata mmoja wa wale waliouawa kimya kimya zamani. Tuombeni tuwe waangalifu, tutii. Tuombeni tusibebe mawe, tutii. Lakini msituombe tuwe bubu.

Sehemu hii ya ziwa iliwahi kuonyesha taifa jinsi ya kumtazama mwanafunzi. Tom Mboya, aliyezikwa pale Rusinga, alisimamia safari ya Septemba 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege ya kwanza. Kabla hawajaondoka, vijiji vilichanga. Watu ambao hawakujua kusoma walitoa kuku na senti ili mtoto wa mwingine akasome. Leo chuo kikuu kimoja mjini hapa kinaitwa kwa jina lake. Itakuwa aibu kubwa jina liwe juu ya lango, na ule moyo wa kuchanga uwe umezikwa pamoja naye.

Tunamaliza kwa kuwakumbusha habari mnayoijua kuliko sisi, maana ni habari ya watu wa ziwani. Umati ulipokuwa na njaa ufuoni, wanafunzi wa Yesu walitaka watu waagwe waende zao. Aliyeleta kitu mkononi alikuwa mtoto, akiwa na mikate mitano na samaki wawili. Wakubwa walikitazama kile kidogo wakakidharau, lakini ndicho kilichotosha. Sisi wanafunzi hatuna mengi. Tuna sauti hii, na miaka hii michache ya ujana. Tuko tayari kuviweka mbele ya taifa. Nanyi tunawaomba msituage twende zetu na njaa jioni hii, kisha kesho mje kutuombolezea.