Malkia Alipopita Barabara ya Pugu



Nimetakiwa nieleze niliyoyaona nikiwa mtoto wa Vingunguti, Dar es Salaam, siku Malkia Elizabeth wa Pili alipowasili nchini mwezi Julai 1979. Wengi wenu mnaikumbuka ziara ile kwa kuwa alifika pia hapa Unguja. Sisi tulimngojea kando ya Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere, njia itokayo uwanja wa ndege kuelekea mjini.

Kwetu watoto neno malkia lilikuwa la hadithini, au la nyuki. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu Desemba 1962, na huku Visiwani Sultani alikwisha kuondolewa Januari 1964. Tulipewa bendera za karatasi, tukapangwa mstari tangu asubuhi. Jua likapanda, maji hakuna, na ruhusa ya kutoka mstarini hakuna. (Wanaowapanga watoto barabarani hata leo wangetanguliza ndoo ya maji kabla ya bendera.)

Msafara ulipopita sikuona zaidi ya pikipiki, magari, na mkono mmoja ukipunga dirishani. Haukuchukua hata muda wa kumeza mate. Vigelegele vilipigwa, nami nikapiga kelele pamoja na wenzangu, wala siwezi kusema nilikuwa nikimshangilia nani.

Lililonikaa moyoni ni jingine. Ilikuwa yapata miezi mitatu tangu majeshi yetu yalipoiteka Kampala, tarehe 11 Aprili 1979. Jirani yetu mmoja, ambaye mwanawe alikuwa askari huko Uganda, alisikia tu kwamba kuna mapokezi makubwa barabarani. Akajifunga kanga zake za sikukuu akaja, akiamini wanaorudi ni askari. Watu walipoanza kutawanyika yeye alibaki akitazama upande wa uwanja wa ndege. Kisha akamwuliza mama yangu:

"Shoga, na wa kwetu watapita saa ngapi?"

Mama hakujibu. Alimshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja. Kijana yule alirudi mwaka 1981, wakati majeshi yetu yalipokuwa yakiondoka Uganda. Alishuka kwenye basi na begi lake, akaulizia njia, maana nyumba zilikuwa zimeongezeka.

Ndugu Watumishi, picha rasmi za ziara kama ile humlenga mgeni na wenyeji wake. Hapa Unguja wapo wazee waliosimama njiani mwaka ule. Nawaomba mlio nao majumbani muwaulize na kuyaandika majibu yao: walisimama wapi, nani aliwaita, waliambiwa nini, walikuwa wakimngojea nani. Maandishi hayo, pamoja na picha hata zikiwa zimefifia, yapelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani, na nyuma ya kila picha liandikwe kwa penseli jina la mtaa na mwaka.